Unene wa Watoto na Lawama Zinazokosea Mlango

Mwaka 1997 madaktari wa Cambridge, Uingereza, walichapisha habari za watoto wawili wa ukoo mmoja wenye asili ya Pakistani. Msichana alikuwa na miaka 8 na kilo 86. Binamu yake wa kiume alikuwa na miaka 2 na kilo 29. Wote walizaliwa na uzito wa kawaida, wakaanza kunenepa kwa kasi wakiwa bado wachanga, na wote walikuwa na njaa isiyokatika. Walimaliza sahani wakadai nyingine, na wakinyimwa nyumba haikukalika.

Sadaf Farooqi na Stephen O'Rahilly, waliowachunguza, waligundua kwamba damu ya watoto hao haikuwa na leptini, homoni inayotengenezwa na mafuta ya mwili. Jeffrey Friedman na wenzake wa New York walikuwa wameitambua miaka mitatu tu kabla, kwa kuchunguza panya. Kazi yake ni kuuarifu ubongo kwamba ghala lina akiba. Taarifa hiyo isipofika, ubongo huamini kuwa mwili unakufa njaa, hata kama mwili huo una kilo 86. Msichana alianza kuchomwa sindano za leptini akiwa na miaka 9 na kilo 94.4. Hamu ya kula ilishuka, na ndani ya miezi 12 akapungua kilo 16.4, karibu zote zikiwa za mafuta.

Kasoro ya namna hiyo ni nadra mno, na sindano ile haimsaidii mtoto mnene wa kawaida, ambaye leptini anayo tele ila ubongo wake hauisikilizi ipasavyo. Hata hivyo kisa hicho kiliitikisa imani ya zamani, ambayo mitaani ingali hai: kwamba mtoto mnene ni mlafi au mvivu, au mama yake hajui kusema hapana. Hapa palikuwa na mtoto aliyekula kupita kiasi kwa sababu ambayo hakuna fimbo wala nasaha ingeiondoa.

Tangu hapo utafiti wa unene wa watoto umekuwa ukivutwa na maswali mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni kwa nini huyu ananenepa na ndugu yake hanenepi. La pili ni kwa nini wanene wameongezeka kiasi hiki.

Swali la kwanza linajibiwa kwa sehemu kubwa na vinasaba. Mwaka 1986 Albert Stunkard na wenzake walifuatilia watu wazima 540 wa Denmark waliolelewa na wazazi wa kuasili. Uzito wao ulifanana na wa wazazi waliowazaa, wala haukuonyesha uhusiano wowote na wa wazazi waliowalea na kuwapikia. Baadaye ziligunduliwa jeni zenyewe. Kasoro katika jeni moja, MC4R, inapatikana kwa takriban asilimia 5 ya watoto wanaonenepa vibaya tangu utotoni. Nyingine, FTO, iliyotangazwa mwaka 2007, ina athari ndogo lakini imeenea: mtu aliyerithi nakala yake ya hatari kutoka kwa baba na kwa mama huwa na kilo kama 3 zaidi ya asiyekuwa nayo. Jeni nyingi kati ya hizi hufanya kazi ubongoni, katika sehemu zinazosimamia njaa na shibe.

Kwa swali la pili vinasaba haviwezi kuwa jibu. Mwaka 2024 mtandao wa kimataifa wa watafiti uitwao NCD-RisC ulichapisha hesabu zilizojengwa juu ya vipimo vya watu zaidi ya milioni 220. Mwaka 1990 watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 wenye kiribatumbo, yaani unene wa kupindukia, walikuwa milioni 31 duniani. Mwaka 2022 walikuwa karibu milioni 160. Miaka 32 ni kizazi kimoja na ushei, na jeni za binadamu hazibadiliki kwa kasi hiyo. Kilichobadilika ni kile kinachowazunguka watoto.

Mshukiwa wa kwanza anayetajwa, iwe kwenye kikao cha wazazi au kwenye hotuba ya waziri, ni kukaa. Watoto hawachezi, wanakodolea simu, gari la shule linawachukua mlangoni na kuwarudisha mlangoni. Yote ni kweli. Lakini pigo kubwa kwa maelezo hayo limetoka Tanzania, kando ya Ziwa Eyasi. Herman Pontzer na wenzake walikwenda kwa Wahadza wanaoishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi, wakawapima nishati wanayotumia kwa siku kwa kuwanywesha maji yenye atomi zinazoweza kufuatiliwa kwenye mkojo. Ilitarajiwa kwamba watu wanaotembea kilomita nyingi kila siku wangechoma nishati nyingi kuliko karani wa Marekani. Matokeo ya mwaka 2012 yalionyesha kwamba, ukizingatia ukubwa wa mwili, Wahadza na wakazi wa Marekani na Ulaya hutumia nishati ileile kwa siku. Baadaye Samuel Urlacher aliwapima watoto wa Washuar katika misitu ya Ekuado, wanaocheza na kuhangaika kutwa kuliko watoto wa Marekani, na kwao pia jumla haikutofautiana. Inaonekana mwili unaofanya kazi nyingi hubana matumizi mahali pengine.

Hii si sababu ya kumwacha mtoto kwenye kochi. Michezo huimarisha moyo na mifupa, husaidia usingizi na akili, na humkinga na kisukari. Ila mzazi anayempeleka mwanawe kuogelea Jumamosi asubuhi, kisha wakipita njiani wakachukua chipsi kuku na soda, amefunga hesabu ya siku hiyo kwa hasara upande wa uzito.

Basi ushahidi mzito uko upande wa kinachoingia mdomoni, na hapo kuna majaribio ya uhakika. Uholanzi, Janne de Ruyter na Martijn Katan waliwagawa kwa kura watoto 641 wa shule za msingi. Kila siku kila mtoto alipewa kinywaji kimoja cha mililita 250. Cha baadhi kilikuwa na sukari gramu 26, cha wengine kilikuwa na utamu usio na nishati. Watoto hawakujua wanakunywa kipi, wala wazazi hawakujua. Baada ya miezi 18 kundi la sukari lilikuwa limeongezeka uzito kwa kilo 1 zaidi. Kopo moja kwa siku, hakuna kingine kilichobadilishwa. Kwa kulinganisha, soda ya kola ya mililita 350 ina sukari zaidi ya gramu 35, karibu vijiko tisa vya chai, wakati Chama cha Moyo cha Marekani kinashauri mtoto asizidishe gramu 25 za sukari ya kuongezwa kwa siku nzima.

Jaribio la Kevin Hall, la mwaka 2019, lilifanywa kwa watu wazima lakini linaeleza mengi kuhusu watoto. Watu 20 walilazwa katika wodi ya utafiti huko Marekani kwa wiki nne. Wiki mbili walikula vyakula vilivyosindikwa sana viwandani, na wiki mbili vyakula vya kawaida vilivyopikwa. Sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi zilizowekwa mezani zilisawazishwa, na kila mtu aliruhusiwa kula atakavyo. Kwenye vyakula vya viwandani walikula kilokalori kama 500 zaidi kila siku, wakanenepa karibu kilo moja ndani ya wiki mbili, bila kusema kwamba chakula hicho ni kitamu zaidi. Walikula kwa haraka zaidi, pengine kwa sababu chakula laini kisichohitaji kutafunwa hufika tumboni kabla ya shibe.

Si kila kinachosemwa kwa uhakika kimepita kwenye chujio kama hilo. Kwa miaka mingi ilielezwa kwamba maziwa ya mama humkinga mtoto na unene, kwa kuwa tafiti nyingi zilikuta walionyonyeshwa ni wembamba. Kisha Belarus ikafanya jaribio kubwa lenye watoto 17,000: hospitali zilizochaguliwa kwa kura zilisaidia akina mama kunyonyesha kwa muda mrefu zaidi na bila kuchanganya, nyingine ziliendelea kama kawaida. Unyonyeshaji uliongezeka sana. Watoto walipofika miaka 11 na nusu, hawakuwa wembamba kuliko wenzao. Sababu za kunyonyesha zimebaki nyingi na nzito, kuanzia kuhara hadi homa ya mapafu, lakini hii ya unene haikusimama. Tofauti iliyoonekana awali huenda ilitokana na aina ya familia zinazonyonyesha, na kosa la namna hiyo limejaa katika fani nzima. Ndiyo maana anayesoma vichwa vya habari kuhusu kifungua kinywa au viuavijasumu na unene wa watoto ana haki ya kuuliza kwanza kama watoto waligawanywa kwa kura.

Afrika Mashariki swali hili lina sura yake. Kati ya 2011 na 2013 watafiti wa nchi 12 waliwapima watoto wa miaka 9 hadi 11 kwa vipimo vilevile, na Nairobi ilikuwa kituo kimojawapo. Kati ya watoto mia tano na ushei waliopimwa huko, mmoja kati ya watano alikuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo. Waliokuwa hatarini zaidi walikuwa wa shule za binafsi, wenye wazazi waliosoma. Nchini Uingereza mambo yako kinyume: watoto wa maeneo yenye umaskini mkubwa hupata kiribatumbo mara mbili na zaidi ya wale wa maeneo ya wenye nacho. Gurudumu hili linajulikana. Vyakula vya pakiti huanza kuwa fahari ya wenye uwezo, na bei ikishuka na vikafika kila kibanda, unene humfuata maskini huku tajiri akirudia mboga na matunda. Ukienda leo kwenye kioski chochote cha uswahilini, Dar au Mombasa, ukatazama vipakiti vidogo vya krispi, biskuti na juisi ya unga vilivyoning'inizwa usawa wa macho ya mtoto, kwa bei ya sarafu aliyopewa ya kula shuleni, utaona kwamba safari hiyo imekwisha kuanza.

Kuna jambo jingine linaloifanya kanda hii iwe na wasiwasi wake. Katika majira ya baridi ya 1944 na 1945 magharibi mwa Uholanzi ilikumbwa na njaa kali kwa sababu ya vita. Miaka 19 baadaye vijana wa kiume 300,000 walipimwa jeshini, na waliokuwa tumboni mwa mama zao katika nusu ya kwanza ya mimba wakati wa njaa ile walikuwa na unene mwingi kuliko wenzao. Tangu hapo imezidi kuonekana kwamba mwili uliotengenezwa katika upungufu hupokea vibaya wingi unaokuja baadaye. Tanzania, kwa utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022, asilimia 30 ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa, na asilimia 4 wana uzito uliozidi. Mara nyingi udumavu na unene hutajwa kama maadui wawili kutoka pande mbili. Katika nyumba nyingi vinatoka jiko moja, jiko la wanga mwingi, maharage na mboga haba, na kitu kitamu cha pakiti cha kumnyamazisha mtoto.

Unene huo huanza lini? Jibu zuri limetoka Leipzig, Ujerumani, ambako watafiti walirudi nyuma kwenye kumbukumbu za watoto 51,505. Vijana wengi wenye kiribatumbo walikuwa wameongezeka uzito kwa kasi kubwa kuliko wakati wowote kati ya miaka 2 na 6. Mtoto aliyekuwa na kiribatumbo akiwa na miaka 3 alikuwa na nafasi ya asilimia 90 ya kuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo katika ujana. Ule msemo wa akina bibi, kwamba atakapoanza kurefuka utamtoka, una ukweli kwa kichanga mnene anayenyonya. Kwa mtoto wa chekechea hauna.

Sasa tazama kinachotokea kliniki. Mtoto anavalishwa ile suruali ya kupimia, ananing'inizwa kwenye ndoano ya mizani, analia, muuguzi anasoma namba na kuweka nukta kwenye kadi. Nukta ikishuka chini, mama anaulizwa mtoto anakula nini, mara ngapi, nani anabaki naye. Nukta ikipaa juu kabisa, mama anapongezwa na wenzake kwenye benchi wanamwangalia kwa wivu. Chanjo ya pili ya surua hutolewa mtoto akiwa na miezi 18, na baada ya hapo wengi hawaonekani tena. Yaani mizani inamwacha mtoto mlangoni mwa kile kipindi ambacho Leipzig ilikiona kuwa cha hatari.

Madhara yenyewe hayasubiri utu uzima kama ilivyodhaniwa. Kukoroma na kukatika pumzi usingizini, mafuta kwenye ini, presha, maumivu ya nyonga na magoti, hayo huonekana kwa watoto wa shule. La kutisha zaidi ni kisukari aina ya pili, ambacho zamani kiliitwa cha wazee. Utafiti wa Marekani uitwao TODAY uliwafuatilia vijana 699 waliopata kisukari hicho wakiwa na miaka 10 hadi 17. Kwa zaidi ya nusu, dawa ya kwanza, metformini, ilishindwa peke yake. Miaka 15 baada ya kugundulika, wakiwa bado katika miaka ya ishirini na kitu, asilimia 60 walikuwa na angalau tatizo moja la figo, macho au mishipa ya fahamu. Kwa vijana ugonjwa huu hukimbia kuliko unavyokimbia kwa mtu wa miaka 50.

Lakini kuna upande ambao hautangazwi vya kutosha. Denmark ina kumbukumbu za vipimo vya wanafunzi wa Copenhagen za miongo mingi. Mwaka 2018 watafiti walichambua wanaume zaidi ya 62,000 na kukuta kwamba wavulana waliokuwa na uzito uliozidi wakiwa na miaka 7, kisha ukarudi kawaida kabla ya miaka 13 na ukabaki hivyo, hawakuwa na hatari kubwa zaidi ya kisukari kuliko waliokuwa wembamba siku zote. Madhara ya utotoni yanaweza kufutika, mradi unene haukubaki. Tena, asilimia 70 hivi ya watu wazima wenye kiribatumbo hawakuwa nacho walipokuwa watoto, kwa hiyo anayedhani atamaliza tatizo la taifa kwa kuwashughulikia watoto wanene peke yao amekosea hesabu.

Kuna madhara ambayo hayahitaji kipimo cha damu. Mwaka 1961 watoto wa Marekani walionyeshwa picha za wenzao sita, mmoja mwenye magongo, mwingine kwenye kiti cha magurudumu, mwingine bila mkono, na kadhalika, wakaambiwa wawapange kuanzia wanayempenda zaidi. Mtoto mnene alishika mkia. Jaribio lilirudiwa miaka arobaini baadaye, wakati wanene wameongezeka maradufu, na chuki ikakutwa imezidi. Kwetu "bonge" na "tipwatipwa" huitwa utani. Mtoto anayeitwa hivyo kila siku na shangazi sebuleni na wenzake uwanjani haachi kula kwa sababu ya aibu. Mara nyingi anaacha kwenda uwanjani.

Tiba iliyothibitishwa kwa muda mrefu kuliko zote haina maajabu. Leonard Epstein, mwanasaikolojia wa Marekani, alianza miaka ya 1970 kuitibu familia badala ya mtoto. Vyakula viligawanywa kwa rangi za taa za barabarani, mzazi naye akapimwa na kubadilika pamoja na mwanawe, na sifa zikatolewa kwa kubadili tabia na kupunguza kilo. Miaka kumi baadaye watoto wa kundi hilo walikuwa wamepunguza uzito uliozidi kwa wastani wa asilimia 7.5, wakati wa kundi la kulinganisha ulikuwa umeongezeka kwa asilimia 14.3. Shida yake ni muda: wataalamu wa Marekani wanasema matokeo huonekana kuanzia saa 26 za kukutana na familia ndani ya mwaka. Dakika tano za mawaidha mwisho wa foleni ya wagonjwa hazimpunguzii mtu kitu.

Ndiyo maana dawa zimepokelewa kwa kishindo. Mwaka 2022 jaribio la vijana 201 wa miaka 12 hadi 17 lilionyesha kwamba sindano ya semaglutaidi ya kila wiki ilishusha BMI, yaani uwiano wa uzito na urefu, kwa asilimia 16.1 ndani ya wiki 68, huku waliopewa sindano isiyo na dawa wakibaki palepale. Mwanzoni mwa 2023 Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kikaagiza kutosubiri: dawa zizungumzwe kuanzia miaka 12, na upasuaji wa tumbo ufikiriwe kuanzia 13 kwa walioathirika sana. Upasuaji huo una nguvu. Kati ya vijana 242 waliofuatiliwa Marekani, wastani wa uzito ulishuka kwa asilimia 27 baada ya miaka mitatu, na karibu wote waliokuwa na kisukari aina ya pili kikaondoka. Zaidi ya nusu pia walipungukiwa madini ya chuma. Kuhusu sindano, uzito hurudi zinapoachwa, na kumwanzishia mtoto wa miaka 12 dawa ya miongo ni uamuzi ambao hakuna utafiti uliokwisha kuufuata hadi mwisho wake.

Kinga kwa njia ya elimu shuleni, ambayo wanasiasa huipenda kwa kuwa haimkasirishi mwenye kiwanda, ina rekodi dhaifu. Mradi wa Pathways uliendeshwa kwa miaka mitatu katika shule 41 za jamii za Wahindi Wekundu wa Marekani, kwa masomo ya lishe, chakula bora cha mchana na michezo. Watoto walijua zaidi, chakula cha shule kilipungua mafuta, na miili yao haikutofautiana na ya shule nyingine. Sheria zinazogusa bidhaa yenyewe zimefanya vizuri kidogo. Uingereza ilipotoza ushuru vinywaji kwa kiwango cha sukari kuanzia Aprili 2018, viwanda vilipunguza sukari ili kuukwepa, na kiribatumbo cha wasichana wa miaka 10 na 11 kikawa chini kwa asilimia 8 kuliko ilivyotarajiwa. Kwa wavulana hakuna kilichoonekana. Chile, mwaka 2016, iliweka alama nyeusi ya pembe nane kwenye kila pakiti yenye sukari, chumvi au mafuta kupita kiasi, ikapiga marufuku kuviuza shuleni na kuondoa vikaragosi kwenye maboksi ya nafaka. Ununuzi wa vinywaji vitamu ulishuka kwa karibu robo ndani ya mwaka mmoja na nusu.

Chile ilifika huko wakati karibu nusu ya watoto wake wa darasa la kwanza walikuwa na uzito uliozidi. Waziri wa afya wa Afrika Mashariki anayetazama asilimia 4 dhidi ya asilimia 30 ataipeleka fedha kwenye udumavu, na hakuna wa kumlaumu. Ila kuweka kipimo cha urefu na mizani katika darasa la awali, na kumfundisha muuguzi kuuliza maswali yaleyale nukta inapopaa kama anavyouliza inaposhuka, hakuhitaji fedha za udumavu kuguswa.